Maofisa mipangomiji wafundishwe kuongoza kabla ya kukabidhiwa idara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo sisi tulio ndani ya kazi ya mipangomiji tunalizungumza sana tukiwa wenyewe kwa wenyewe, kwenye korido za halmashauri na ndani ya magari tunapokwenda uwandani, lakini ni nadra kuliona limeandikwa. Nchi yetu inawasomesha vijana kupanga miji, kisha inawaacha wanapofika katikati ya safari, pale wanapoacha kuwa wachoraji na kuanza kuwa viongozi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 19, na naamini kwamba mengi tunayoyalalamikia kila masika, barabara zisizopitika, mifereji iliyozibwa na nyumba, kiwanja kimoja chenye hati mbili, huharibikia mikononi mwa watu wenye elimu ya kutosha ambao hakuna aliyewafundisha kuongoza.

Nilikuwa na miaka 12 kazini nilipopewa barua ya kukaimu ukuu wa idara katika halmashauri moja ya mji. Barua ilifika Jumanne. Ijumaa ya wiki hiyohiyo nilisimama chini ya mwembe, mbele ya wakazi zaidi ya mia moja wa mtaa mmoja wa pembezoni, kueleza barabara ya upana wa mita 12 ambayo mchoro ulioidhinishwa uliipitisha katikati ya makazi yao. Mchoro ule niliuchora mwenyewe na nilikuwa nazijua namba za viwanja kwa kichwa. Bibi mmoja aliyekaa mbele kwenye mkeka akaniuliza, "Mwanangu, barabara nimeielewa. Kaburi la mume wangu unalipeleka wapi?" Nikamjibu kwa vifungu vya sheria. Nilimweleza upana wa hifadhi ya barabara, mamlaka ya halmashauri na utaratibu wa fidia, na yote niliyosema yalikuwa sahihi, ila kabla sijamaliza nusu ya watu walikwishasimama wanaondoka, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameinamisha uso asinitazame.

Mradi ule haukuokolewa na mimi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, dada aliyenizidi umri kidogo, alizunguka na mwenyekiti nyumba kwa nyumba kwa muda wa wiki tatu, jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kwenye shughuli zao. Wiki ya kwanza aliniomba nisiende. Wiki ya pili alinichukua nikakae nisikilize tu. Barabara ikapatikana, ikiwa na mita 8 badala ya 12 na ikiyazunguka makaburi, na wakazi wenyewe ndio waliosogeza uzio wao. Yule dada alijua namna ya kuuliza, alijua wakati wa kunyamaza, na alijua ni nani anayesikilizwa mtaani hata kama hana cheo chochote. Hayo yote yanafundishika, lakini hakuna aliyeona haja ya kunifundisha mimi kabla ya kunikabidhi watumishi 14 na mji wenye watu zaidi ya laki mbili.

Msomaji asiye wa kada yetu aitazame njia tunayopita. Kijana anahitimu Chuo Kikuu Ardhi au Chuo cha Mipango kule Dodoma, anaajiriwa akiwa Afisa Mipangomiji Daraja la II, anachora, anakwenda uwandani, anaandika taarifa, anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, anapanda madaraja hadi anaitwa Mwandamizi. Kisha siku moja mkuu wake anastaafu au anahamishwa, na yeye anakalia kiti. Kuanzia siku hiyo hachori tena. Kazi yake inakuwa kujadiliana na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuhusu barabara ipi ianze, kuwaeleza madiwani kwa nini ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja halikubaliki, kutetea bajeti mbele ya kamati ya fedha, kuwasuluhisha mpima na mthamini waliogombana, na kumjibu mwananchi aliyefuatilia kibali cha ujenzi kwa miezi sita. Mkurugenzi huja na kuondoka, diwani huchaguliwa kwa miaka mitano, ila jalada la kiwanja hubaki mezani kwa mtu huyu wa umri wa kati. Katika yote niliyoyataja, alilosomea darasani kwa kina ni kuchora.

Wapo wanaosema kwamba tatizo la miji yetu ni kukosa mipango. Naomba kutofautiana nao kwa heshima. Dar es Salaam imekuwa na mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya kuongoza ukuaji wa mji mzima, ya mwaka 1949, 1968 na 1979, na wataalamu walioiandaa hawakuwa watu wa kubahatisha. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Mji unaoongezeka zaidi ya mara sita ndani ya miaka 44 hauwezi kushikiliwa na ramani iliyotundikwa ukutani. Unashikiliwa na watu wanaoamka kila siku kuitafsiri ramani hiyo kwa mwenye kiwanja, kwa mwenye duka, kwa mamlaka ya maji na ya umeme, kwa mwanasiasa anayetaka kura, na kuirekebisha pale hali inapobadilika bila kuiacha ife.

Na pale watu wa namna hiyo walipopata nafasi, matokeo yalionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliiacha sera ya kubomoa makazi holela, na katika muongo huo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese ikiboreshwa wakazi wakiwa palepale. Miaka ya 1990 ukaja mradi wa Hanna Nassif, Kinondoni, ambako wakazi wenyewe walijenga mifereji ya maji ya mvua na barabara za mtaa kwa kazi za mikono zenye ujira, wakiwa na chama chao cha maendeleo. Niliutembelea mtaa ule nikiwa mwanafunzi na nikaandika kurasa nyingi juu ya ukubwa wa mifereji. Leo nikikumbuka najuta kwamba sikumuuliza mtu hata mmoja namna ujira ule ulivyogawanywa bila ugomvi, nani aliamua mfereji uanzie wapi, na mtaalamu wa serikali alikaa upande gani wa mkutano. Hayo ndiyo maswali ninayoulizwa kazini kila wiki.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati wetu ni bonde la Msimbazi. Mto ule unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katika maeneo ya Ilala, Ubungo na Kinondoni, na kuingia baharini karibu na daraja la Salander. Maji hayaijui mipaka ya halmashauri. Taka zinazotupwa juu huziba kalvati za chini, na mchanga unaoporomoka kwenye ujenzi wa mlimani hujaza mto kule Jangwani, ambako karakana ya mabasi ya mwendokasi imefurika mara kadhaa tangu huduma hiyo ianze Mei 2016. Mwaka 2018 zilifanyika warsha za mfululizo zilizowakalisha meza moja wataalamu wa serikali, wa vyuo na wawakilishi wa wakazi wa bonde, wakachora kwa pamoja namna ya kuliokoa, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wake. Ninachokitazama mimi katika habari hiyo si fedha. Ni kwamba mtu alipaswa kuongoza mazungumzo kati ya ofisi ambazo hakuna iliyo chini ya nyingine. Tangu Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ivunjwe Februari 2021 na Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji, mkoa ule una halmashauri tano zilizo sawa, na afisa wa Ubungo hawezi kumwamuru mwenzake wa Kinondoni. Anaweza kumshawishi tu, na kushawishi ni ufundi wenye kanuni zake kama ulivyo ufundi wa kupima ardhi.

Dodoma nako kuna funzo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973, ikapanga na kumilikisha ardhi kwa zaidi ya miaka 40, kisha Mei 2017 ikavunjwa na majukumu yake yakahamishiwa halmashauri. Sheria ya kuhamisha majukumu huandikwa kwa siku chache. Lakini mtaalamu aliyezoea uamuzi wa bodi anapohamia mahali ambapo uamuzi hupitia kwa madiwani waliochaguliwa na wananchi, anahitaji kujifunza upya namna ya kuandaa hoja, namna ya kupokea kukataliwa bila kuvunjika moyo, na namna ya kuirudisha hoja ileile baraza lijalo ikiwa imeboreshwa. Mabadiliko ya namna hii yametokea katika halmashauri nyingi, miji mipya ikitangazwa na manispaa zikigawanywa, na kila mara tumehamisha majalada, magari na samani kwa orodha iliyosainiwa, huku watu wakiachwa wajitegemee.

Kuna jambo la lugha ambalo naona wengi hawalipi uzito, na mimi naliona kubwa. Kada yetu inasomeshwa kwa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza chuoni hadi shahada ya uzamili, halafu inatumwa kufanya mikutano yote ya maana kwa Kiswahili. Nimewaona wenzangu hodari wakisimama mbele ya wazee wa mtaa wakatafuta neno la kueleza umbali unaotakiwa kuachwa kati ya ukuta wa nyumba na mpaka wa kiwanja, wasilipate, wakaishia kutamka istilahi ya kitabuni na kuwaacha wazee wakitazamana. Mtu anayeshindwa kuelezwa kwa lugha yake huhisi kwamba anafichwa kitu, na mara nyingi hisia hiyo ndiyo inayozaa kesi. Mafunzo ya uongozi kwa watu wetu lazima yaendeshwe kwa Kiswahili, na washiriki wafanye mazoezi ya kueleza mchoro mzima kwa maneno ambayo fundi mwashi, mama lishe na mwenyekiti wa mtaa watayarudia nyumbani kwao bila kupotosha maana.

Halafu kuna shinikizo. Simu inapigwa saa mbili usiku, sauti ni ya mtu mwenye nafasi, na ombi ni kwamba eneo la wazi la mtaa fulani ligeuzwe kuwa viwanja vya biashara. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 ina utaratibu wake wa kubadilisha matumizi ya ardhi, na kila afisa anaijua. Lakini kuijua sheria hakumpi mtu sauti ya kujibu simu ile. Nimejifunza kwa gharama kwamba jibu lake ni adabu pamoja na karatasi: kumwomba mhusika alete ombi kwa maandishi, kuliingiza kwenye jalada siku hiyohiyo, kumpa nakala mwanasheria wa halmashauri na kulipeleka kwenye kamati likiwa na maoni ya kitaalamu yaliyosainiwa. Afisa mmoja mmoja akiachwa ayagundue haya peke yake, wengine watayagundua baada ya kiwanja cha michezo cha watoto kwisha. Wenzangu wanawake wana mzigo wa ziada, kwani wapo wanaofika uwandani na vifaa vyao mkononi wakaulizwa bosi wao yuko wapi. Nao wanastahili kukaa pamoja na waliowatangulia wakaelezwa walivyovuka.

Nitajibiwa kwamba kozi zipo. Ni kweli zipo, nami nimehudhuria kadhaa. Nyingi zilikuwa za siku tatu hotelini, mada kumi na mbili, cheti siku ya mwisho, na kila mshiriki alirudi kituoni peke yake kwenye idara ambayo haikusikia neno hata moja. Taasisi ya UONGOZI, iliyoanzishwa mwaka 2010, na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo wanafundisha uongozi, na Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha miji. Ombi langu ni kwamba hawa watatu wakae pamoja na Bodi yetu watengeneze mpango mmoja wa mwaka mzima kwa watu wenye uzoefu wa kati ya miaka 8 na 15.

Nchi nyingine zimelitambua hitaji hili zamani. Chuo Kikuu cha Harvard, kilichopo Massachusetts, Marekani, kina mpango wa Loeb tangu mwaka 1970, na jirani yake, chuo cha MIT, kina mpango wa SPURS tangu mwaka 1967 kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Mipango yote miwili inawalenga watu walio katikati ya taaluma, na mshiriki wa Loeb hapewi shahada. Anapewa mwaka mmoja wa kutafakari kazi yake akiwa na wenzake wa fani mbalimbali. Baadhi ya wakubwa zangu kazini walipitia IHS, taasisi ya masomo ya makazi na miji kule Rotterdam, Uholanzi, na walirudi wakiwa watu tofauti. Hata hivyo afisa wa Kahama au wa Songea hawezi kungoja nafasi moja ya Massachusetts. Tukichukua wazo la kwamba mtu wa katikati anahitaji muda na wenzake, mengine yote tunaweza kuyajenga hapahapa.

Ninavyouona mimi mpango huo, mshiriki angekaa darasani wiki moja kila mwezi na wiki tatu akawa kituoni kwake, ili mji usikose mtumishi na mafunzo yasitengane na kazi. Asije peke yake. Halmashauri ilete watu watano au sita kwa pamoja: afisa mipangomiji, mpima, mwanasheria, mtu wa hazina, afisa maendeleo ya jamii, na mhandisi wa TARURA wa eneo hilo, kwa sababu mji haujengwi na fani moja, na watu hawa kwa kawaida hukutana wakati wa kulaumiana. Waje na tatizo moja la kweli la mji wao, iwe stendi iliyohamishwa ikakosa wateja, mradi wa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, uliokwama baada ya wananchi kuchanga, au bonde linalofurika, na mwaka mzima wafundishwe kwa kulishughulikia tatizo hilo. Wajifunze kusoma bajeti ya halmashauri mstari kwa mstari, kwa sababu mpango usio na kifungu cha fedha ni picha tu. Wajifunze kuendesha mkutano, kupokea hasira, kuandika taarifa ya kurasa mbili ambayo mkurugenzi ataisoma hadi mwisho. Mwishoni wasiwasilishe kazi yao ukumbini kwa wageni rasmi, wakaiwasilishe mtaani kwa watu inaowahusu.

Walimu wao wakuu, pamoja na wahadhiri, wawe wastaafu. Wapo mitaani wazee waliosoma wakati Chuo Kikuu Ardhi kikiitwa Ardhi Institute, waliosimamia upimaji na uboreshaji wa mitaa niliyoitaja, wanaojua kwa nini barabara fulani inapinda na nani alikataa nini mwaka gani. Wengi hawajawahi kualikwa kuzungumza na waliorithi viti vyao. Kila kikundi kikipewa mzee mmoja wa kukifuata kwa mwaka mzima, kwa nauli na posho ya kawaida, tutakuwa tumeokoa maarifa ambayo hayapo kwenye jalada lolote.

Sharti moja ningeliweka bila kulegeza. Mtumishi aliyemaliza mpango huu asihamishwe kituo kwa angalau miaka mitatu, isipokuwa kwa sababu nzito iliyoandikwa. Nimehamishwa mara nne. Mara mbili niliondoka mawe ya mipaka yakiwa yamekwisha kuwekwa na barabara haijachongwa, na aliyenipokea alianza upya kwa sababu hakujua tulichokubaliana na wenye ardhi. Niliporudi mmoja wa miji hiyo kwa msiba wa jamaa, nilikuta nyumba tatu zimejengwa ndani ya hifadhi ya barabara ambayo wakazi walikuwa wameiridhia mbele yangu. Mama mmoja alinitambua akaniuliza nilikuwa wapi.

Kuhusu gharama, sitaki kutoa takwimu za kubuni. Nawaomba tu wakurugenzi wafungue majalada yao waone halmashauri imelipa kiasi gani kwa kesi za ardhi, kwa fidia za makosa na kwa kurudia kupima eneo lilelile, kisha walinganishe na ada ya watu sita kwa mwaka. Na wale wanaoamini kwamba uongozi ni kipaji cha kuzaliwa, nawakumbusha kwamba jeshi, vyama vya ushirika na madhehebu ya dini hayaamini hivyo, na yote huwafunza viongozi wao kwa miaka.

Kwa kumalizia naomba majibu kupitia gazeti hili. Wizara yenye dhamana ya ardhi, Ofisi ya Rais TAMISEMI na Bodi ya Usajili watueleze: kati ya wakuu wa idara na vitengo vya mipangomiji walioteuliwa au kukaimishwa katika miaka mitano iliyopita, ni wangapi walipata mafunzo yoyote ya uongozi kabla ya kukalia kiti? Idadi hiyo ikijulikana, itajulikana pia ni watu wangapi wa kuanza nao, na kundi la kwanza la halmashauri nne au tano linaweza kuingizwa kwenye bajeti ijayo. Mimi sitafaidika nalo, kwa kuwa miaka yangu kazini imeshapita kipimo nilichokipendekeza. Lakini ninao vijana watatu ofisini, mmoja wao ana miaka 11 kazini, na najua barua yake ya kukaimu haiko mbali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Mipangomiji Mkuu, Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri)